Bi Popo Awasha Mshumaa

Mtu aliyemimina mishumaa tangu usichana wake, nyumbani kwake hakukuwa na hata kipande cha utambi. Kinyozi hajinyoi, watu walisema. Aliyempachika jina ni fundi viatu wa mlango wa pili, mtu ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko sindano yake. Jioni moja umeme ulikatika, kila dirisha la mtaa likawa na kimwanga chake isipokuwa la jirani yake huyo. "Huyu mama ni popo," akasema. "Mchana anatengeneza mwanga, jioni ananing'inia gizani." Jina likashika. Watoto walianza, wakubwa wakafuata, na mwishowe hata yeye mwenyewe, akibisha mlango wa mtu na kuulizwa ni nani, alijibu, "Ni mimi, Popo. Fungua."

Bi Popo alikuwa mwembamba, mtaratibu wa mwendo, mwenye mikono laini isiyolingana na umri wake. Nta ndiyo iliyoifanya hivyo. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu nyuma ya duka la vyombo, chenye madirisha yaliyo juu sana kiasi kwamba kitu pekee kilichoonekana nje ni mawingu. Katikati palikuwa na jiko, na juu ya jiko sufuria ya nta iliyokalishwa ndani ya sufuria kubwa zaidi ya maji, ili nta iyeyuke bila kuguswa na moto. Kando zilisimama kalibu za bati, nyembamba na ndefu kama filimbi, kila moja na utambi wake umenyooshwa katikati.

Kazi yenyewe haitaki haraka. Ukimimina kwa pupa, nta inaingia na mapovu. Ukisitasita, inaganda njiani. Bi Popo alikuwa na mkono unaojua mwendo wake, na kwa kuwa mkono ulijua, akili ilikuwa huru kwenda itakako. Alipenda hasa dakika zile nta inapoanza kupoa. Kwanza inakuwa angavu kama maji, halafu ukungu unaanzia pembeni na kusogea taratibu kuelekea katikati, kama jicho linaloelemewa na usingizi. Yeye husimama akaitazama mpaka ifumbe. Wenzake wakimwita haitiki, wanaambiana, "Mwacheni, amesafiri. Atarudi na basi la jioni."

Hata mume alimpata akiwa katika safari hizo. Alikuwa mwandishi wa mabango, kijana aliyekuja kuchora jina la duka mbele, akakosea akaiegemeza ngazi kwenye ukuta wa nyuma, kichwa kikatokea kwenye dirisha la karakana. Msichana wa mishumaa alikuwa akitazama mawingu, mara katikati ya mawingu akaona uso.

"Dada," uso ukasema, "herufi niziandike kwa nyekundu au kijani?"

"Njano," akajibu, bila hata kujua anaulizwa kuhusu nini.

Duka likapata herufi za njano, na yeye akapata mume. Alimwita Mwandishi, jina la kazi likawa jina la mapenzi.

Walianza maisha katika chumba kimoja kisichokuwa na umeme. Kila jioni Mwandishi aliwasha mshumaa, akaunatisha kwa nta yake yenyewe juu ya kifuniko cha ndoo ya plastiki, akaweka kifuniko hicho juu ya sanduku karibu na kitanda, akachora herufi zake kwenye vipande vya boksi. Bi Popo alilala akitazama kivuli cha brashi kikipanda na kushuka ukutani. Hakuna picha ya maisha yake aliyoipenda kuliko hiyo.

Kisha ikaja Jumapili moja ya mvua. Giza lilikuwa linaingia, mtoto wao wa kiume alikuwa bado wa kubebwa, nao wakajinyoosha kidogo kupumzisha mgongo, mtoto katikati. Mvua ikaimba juu ya bati. Wote watatu wakapitiwa na usingizi. Mshumaa haukulala. Uliteketea mpaka chini, ukaifikia plastiki, plastiki ikashika, na chandarua kilichoning'inia hapo karibu kikafuata. Mwandishi alizinduka kwa joto la mguuni. Alimvingirisha mtoto kwenye blanketi, akamsukuma mkewe nje mlangoni pamoja naye, akarudi kukirarua chandarua kwa mikono mitupu. Chandarua cha nailoni kikiungua hakiachi jivu, kinakuwa uji unaonata. Ulimnata mikononi.

Walipona wote. Lakini vidole vya mkono wake wa kulia vilipona vikiwa vimejikunja, havikunyooka tena. Mwandishi akajifunza upya kuandika kwa kushoto. Herufi zake sasa ziliinama zote upande mmoja, kama watu wanaotembea wakipambana na upepo, na ajabu ni kwamba wateja walizipenda kuliko za zamani. Akiulizwa amejifunza wapi mtindo huo, alicheka. "Herufi zangu zinakimbia moto," alisema.

Yeye aliweza kucheka. Mkewe hakuweza. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kazini moto haukumtisha, kwa sababu kule moto ulikuwa na watu macho wanaouangalia, ndoo ya mchanga kando, na jioni ulizimwa kabla mtu hajavua aproni. Nyumbani ni tofauti. Nyumbani ndiko watu wanakosinzia. Tangu siku ile hakuwasha tena mshumaa chini ya paa lake, na hakueleza kwa nini. Miaka ikapita, wakahamia nyumba yenye umeme, mtoto akakua, Mwandishi akaugua kifua na kuondoka kwa upole, kama mtu anayefunga mlango asiamshe waliolala. Bi Popo akabaki na giza lake na ndoto zake za mchana.

Mwanawe akawa dereva wa malori ya masafa marefu, akaoa msusi.

Mkamwana huyu alikuwa mtu wa kicheko kikubwa na vidole vyepesi. Kibarazani kwao hakukukauka wateja, na nywele za bandia zilikuwa kila mahali, zimetundikwa, zimefungwa mafungu, zimesahauliwa kwenye viti. Yeye na mama mkwe wake hawakuwa na ugomvi. Walisalimiana vizuri, walipakuliana chakula, waliulizana habari za usingizi. Ila walikuwa kama wagonjwa wawili waliokaa benchi moja wakimsubiri daktari: adabu nyingi, maneno machache.

Ndipo transfoma ya mtaa ikalipuka. Ilipiga kishindo kimoja adhuhuri, ikatoa moshi, basi. Mafundi walikuja, wakaitazama wakiwa wameshika viuno, wakaondoka. Siku zikaanza kupita. Dereva alikuwa safarini, na nyumba ikabaki na wanawake wawili na giza.

"Mama," mkamwana alisema jioni moja, akipapasa meza kutafuta kikombe chake, "kweli nyumba ya fundi mishumaa tukae hivi?"

"Macho yatazoea, mwanangu."

"Yangu yamegoma. Jana nimepiga mswaki kwa losheni ya miguu."

Bi Popo nusura acheke. "Si una tochi ya simu?"

"Simu imekufa tangu asubuhi."

"Basi tulale mapema. Katika nyumba hii hatuwashi mshumaa."

"Sawa, mama."

Sawa hiyo ilitoka mdomoni tu. Ukimkataza mtu jambo bila kumpa sababu, umemfungia mlango usio na kufuli. Kesho yake msusi akanunua mshumaa dukani, mwembamba, wa bei ya chini, akauficha chini ya mto.

Jioni hiyo Bi Popo alirudi kutoka kazini amechoka. Karakana ilikuwa na oda kubwa, maana mtaa mzima ulikuwa unanunua mishumaa. Jua lilikuwa limetua punde, na anga bado ilikuwa na rangi ya zambarau kidogo dirishani. Akakaa kwenye kiti chake cha mikono sebuleni, akavua viatu, akavivaa tena kwa uvivu wa kutafuta kandambili gizani, akaegemeza kichwa. Mwili ukawa mzito, kisha ukawa mwepesi. Alianza kuelea katika ile hali ambayo si macho wala si usingizi.

Ndipo alipouona mstari wa dhahabu sakafuni, chini ya mlango wa chumba cha mkamwana. Hakushangaa. Alijua mara moja ni nani yuko ndani. Mwandishi alikuwa anaandika. Hata sauti ya brashi aliisikia, ile ya taratibu, fwaa, fwaa, nywele za brashi zikipita juu ya boksi. Leo amechelewa kumaliza bango lake, aliwaza, na moyo wake ukajaa utulivu ambao hakuupata kwa miaka mingi. Alitamani asitikisike, asije akaukatiza. Mstari wa dhahabu ulikuwa ukicheza, ukififia, ukinenepa. Harufu ya masizi ikamfikia, na pua yake ya kazi ikajua kabla yake: utambi huo ni mrefu mno.

"Mwandishi," alisema kwa sauti ya usingizi, "kata utambi."

Hakuna aliyejibu. Brashi ikaendelea, fwaa, fwaa. Mstari ukanenepa zaidi, ukageuka kuwa rangi ya chungwa. Kisha ikaja harufu nyingine nyuma ya ile ya kwanza, nayo haikuwa ya nta. Ilikuwa harufu ya kitambaa.

Usingizi ulimtoka kama shuka lililovutwa ghafla. Alisimama, roho juu juu, akaufungua mlango.

Chumbani hamkuwa na mtu. Dirisha lilikuwa wazi kuingiza hewa. Mshumaa ulikuwa juu ya kisahani, kisahani juu ya kiti, na kando ya kisahani fungu la nywele za bandia. Upepo ulikuwa ukilipeperusha pazia, fwaa, fwaa, juu ya moto, na pindo la pazia lilikuwa tayari linawaka, ulimi wa moto ukipanda juu kwa haraka kama panya. Wanasema dawa ya moto ni moto; waliosema hivyo hawajawahi kuungua. Bi Popo alilinyakua fungu la nywele akalirusha chini ya kitanda, mbali. Akalishika pazia juu, sehemu isiyowaka, akalivuta kwa uzito wake wote mpaka fimbo ya pazia ikang'oka, vyote vikaanguka kwenye sakafu ya saruji. Kwenye beseni la msusi palikuwa na taulo zito lililolowa. Akalitupa juu ya pazia, akalikanyagakanyaga kwa viatu vyake mpaka moto wa pazia ukazimika.

Lakini kile kisahani nacho kilikuwa kimeshika. Mshumaa mwembamba ulikuwa umelainika, ukainama ukaanguka, na dimbwi la nta lilikuwa linawaka lenyewe, bila utambi. Wakati huohuo mkamwana akaingia mbio kutoka nje, akaona, akapiga yowe, akanyakua jagi la maji.

"Usimwage!"

Jagi likabaki hewani.

"Ukimwaga maji kwenye nta inayowaka itaruka ukuta mzima. Weka chini. Niletee kifuniko cha sufuria."

Mkamwana alikimbia, akarudi na kifuniko. Bi Popo alikishika kwa mpini, akakisogeza kutoka pembeni kama mtu anayemfunika kifaranga, akakifunika kisahani. Mwanga ukakatika. Wakasimama gizani wakisikilizana pumzi.

"Usikifunue," alisema Bi Popo. "Kipoe kwanza."

Fundi viatu alikuja kwa yowe lile, akaja na tochi. Alilibeba lile pazia lililoungua akalitoa uani, akalimwagia maji tena, akarudi akauliza kama wote ni wazima. Kwa mara ya kwanza katika historia ya mtaa ule, hakusema neno la kuchekesha.

Alipoondoka, mkamwana aliketi sakafuni, ukutani. "Nilikwenda kwake kuchukua simu, mama. Ana betri ya gari anachajia watu. Naapa ilikuwa dakika moja tu."

"Moto haujui dakika ni nini," alisema Bi Popo. Aliketi ukingoni mwa kitanda. Mkamwana alisubiri matusi, akayangoja kwa kichwa kilichoinama. Badala yake akasikia sauti ya mbali, karibu ya mtoto. "Nilidhani ni baba mkwe wako. Nilimwona anaandika. Nilikaa pale namsikiliza huku nyumba inaungua, na nilikuwa na raha."

Akaeleza yote, kwa mara ya kwanza. Chumba kimoja, kifuniko cha ndoo, mvua, chandarua, vidole vilivyojikunja. Mkamwana alilia kimyakimya. Mume wake ndiye alikuwa yule mtoto wa kwenye blanketi, na hakuwahi kuambiwa.

Asubuhi Bi Popo alimkuta mkamwana amesimama sebuleni na begi.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani kwetu, mama. Mpaka umeme urudi. Nisije nikaiteketeza nyumba ya watu."

"Nyumba ya watu ni ipi, na hao watu ni kina nani?" Bi Popo alilichukua begi akalirudisha chumbani. "Vaa viatu. Leo unafuatana na mimi."

Akampeleka karakana. Msusi hakuwahi kuingia humo. Alisimama chini ya madirisha ya mawingu, joto la nta likimpanda usoni, akashangaa jinsi chumba kilivyokuwa kimya. Alipopewa mkebe amimine, alimimina kwa kasi ya vidole vyake vya ususi, nta ikafurika na kupovuka.

"Polepole. Nta haisukwi," alisema mama mkwe.

Wakacheka wote wawili, na karakana nzima ikageuka kutazama, maana hakuna aliyewahi kumsikia Bi Popo akicheka saa za kazi. Mara ya tatu mkamwana alipata mwendo. Walitumia kalibu pana, fupi, ya mshumaa mnene usioweza kupinduka kwa urahisi. Walipomaliza walisimama bega kwa bega wakiutazama ukungu wa nta ukisogea kutoka pembeni kwenda katikati.

"Kama unasinzia," mkamwana alinong'ona.

Bi Popo alimgeukia. "Hivyo ndivyo ninavyouonaga mimi," akasema.

Walipoukata utambi alimwonyesha kipimo: usizidi nusu ya ukucha wa kidole gumba. Moto unaorukaruka unalalamika, alimwambia. Ama utambi mrefu, ama kuna upepo. Usiubembeleze. Uzime, ukate, au funga dirisha.

Jioni ile walitandua meza ya sebuleni mpaka ikabaki mbao tupu, wakaisogeza mbali na mapazia, wakaweka katikati bakuli zito la udongo lenye mchanga. Mshumaa ukakaa ndani yake kama mtu aliyejua amefika. Kifuniko cha sufuria kikawekwa karibu. Nywele za bandia zilikuwa zimefungiwa kabatini, zote. Bi Popo alishika kibiriti. Njiti ya kwanza ilivunjika, ya pili ikazimika.

"Niwashe mimi, mama?"

"Hapana. Niache."

Njiti ya tatu ikashika. Akaupeleka mkono kwenye utambi, na mwanga ukasimama, mdogo, umenyooka, bila moshi. Chumba kikatokea taratibu: kingo za kabati, picha ya Mwandishi ukutani, uso wa mkamwana. Alikuwa ameishi na uso huo miaka miwili, na ilikuwa kana kwamba hajawahi kuutazama. Ulikuwa na kovu dogo juu ya nyusi.

"Hilo umelipata wapi?" aliuliza.

Mkamwana akaanza kusimulia, na hadithi ikazaa hadithi. Kibiriti kilikuwa kimerudishwa juu ya kabati. Kila mmoja alipotaka kwenda jikoni alimuuliza mwenzake kwanza, "Uko macho?" na mwenzake alijibu, "Niko."

Transfoma ilibadilishwa juma lililofuata. Fundi viatu aliendelea kumwita Popo kama kawaida, maana jina likishakaa halihami. Kazini, hata hivyo, Bi Popo alibadilika. Alianza kutoka karakana na kusimama kaunta mteja akija kuulizia mshumaa. Utauweka wapi? Juu ya nini? Nani atakaa nao? Una watoto? Paka je? Watu walicheka wakasema kununua mshumaa kwa Bi Popo ni sawa na kuposa binti wa watu, huondoki naye mpaka ueleze atalala wapi. Lakini walijibu, na wengine walirudi kumwambia wametupa vifuniko vya plastiki walivyokuwa wakisimamishia mishumaa.

Na nyumbani, jioni nyingine, hata umeme ukiwepo, wao wawili huzima taa na kuwasha bakuli lao. Mara moja dereva alirudi safarini akawakuta hivyo, akasimama mlangoni na mzigo begani, hajui aingie au abishe. Mkamwana alimwashiria kwa kidole mdomoni. Mama alikuwa ameegemeza kichwa kitini, macho yamefumba, uso umelainika, yuko safarini.

Mkamwana alikichukua kifuniko akakishusha juu ya bakuli. Giza likaingia laini.

"Umezima?" sauti ya Bi Popo iliuliza kutoka kitini.

"Nimezima, mama."

"Na utambi?"

Akainua kifuniko kidogo, akachungulia. "Umekufa kabisa. Hata chembe nyekundu hakuna."

"Haya," akasema, na wakazisikia pumzi zake zikianza kwenda mbali, usingizini.